Nyuma ya Ubao

1

Kasha la baba lilikuja kwa basi la mizigo, siku ya soko, limeviringishwa nailoni na kufungwa kamba kama mtungi wa gesi. Karani wa stendi ya Tukuyu akanitaka nigonge kidole gumba mara mbili: mara ya kwanza kukiri kwamba nimelipokea, mara ya pili kukiri kwamba mimi, Subilaga, mtoto wa kwanza, ndiye mtunza koo. Mbele yangu kwenye foleni mama mmoja alikuwa ameshapokea kasha la mumewe, kaliweka juu ya gunia la viazi, anabishana na dereva wa bajaji. Gunia lilikuwa na nauli yake. Mume alipanda bure.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amevaa kitenge kipya na kujifunga kilemba. Nililiweka kasha juu ya kabati la vyombo, nikachomeka waya, nikasubiri taa ya kijani iwake. Kasha lenyewe halikuwa kubwa kuliko mkate.

"Mwambie anisalimie," mama akasema kwa sauti ya juu, maana asiyesikia vizuri hudhani na wengine hawasikii.

Nikaandika maneno kwenye mashine ndogo iliyokuja na kasha. Na baba yetu, tuliyemzika mwanzoni mwa masika, akasema kutoka ndani ya kasha: "Ugonile, Mama Subi."

Alikuwa yeye. Ule mkwaruzo mwanzoni mwa neno, na namna alivyokuwa akilivuta jina la mama hadi mwisho, hataki kuliachia. Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa ameinama, sikio linakaribia kugusa kitambaa cha kasha, na uso wake haukuwa na kitu.

"Nani huyo?"

"Baba, mama."

"Baba yako alikuwa na sauti ya mtu aliyefungiwa kwenye debe? Huyo simjui. Nasikia tu kitu kinakwaruza."

Akaenda chumbani kuvua kilemba.

Wanachofanya watu wa Hifadhi ya Koo hakina uchawi. Mtu akifa, wanawahi kuchukua kipande cha nyama ya kooni, pale sauti inapotokea. Wanakiotesha kwenye maji yao mpaka kinakuwa utando mpana wa kujaa kisosi, wanautandaza kwenye pete, kisha wanaufungia ndani ya kasha lenye joto na unyevu. Ukiupa umeme, utando unajikaza na kulegea wenyewe. Ukiuandikia maneno, unayatamka kwa koo lile lile. Haufikiri, haumjui mtu, na ukiuliza kama umekula utakaa kimya mpaka uandike jibu mwenyewe. Ni koo tu. Ila ni koo hai, na likitunzwa kwenye kasha lake linadumu mpaka wajukuu wanaoa.

Masikio ya mama yalianza kufa kwa juu. Ziliondoka kwanza sauti nyembamba: ndege, mlio wa simu, vicheko vya watoto wa jirani. Zikabaki nene: ngurumo, lori linalopanda mlima, mchi kwenye kinu. Vifaa vya kusikilizia havikumfaa, kwa sababu mshipa wenyewe ndio uliokuwa unakufa, na daktari alituambia bila kuzunguka kwamba hata hizo nene zitakwenda kabla mahindi hayajakomaa. Na kasha la Hifadhi, kwa udogo wake, halitoi sauti nene. Limetengenezwa kwa watu wenye masikio mazima, ambao wakisikia sehemu ya juu ya sauti, akili inawajazia ya chini.

Baba alikuwa besi. Besi wa kwanza wa kwaya ya kanisa letu, maisha yake yote ya ndoa. Walichomletea mama ni baba asiye na besi.

2

Spika nazijua. Nilikuwa fundi mitambo wa redio mpaka watu walipoanza kupandikizwa redio masikioni na kituo chetu kikageuzwa ghala la maparachichi. Kwa hiyo dawa niliijua kabla sijamaliza chai: ubao wazi. Unautoa utando kwenye kasha, unaufunga kwenye tundu la ubao mpana, na nyuma unaacha wazi, bila boksi la aina yoyote. Spika ya boksi inasukuma sauti mbele tu. Ile ya nyuma inafungiwa humo ndani ijifie. Spika ya ubao wazi inatoa mbele na nyuma sawasawa, na chumba kizima kinaimba nayo. Hata sauti ya mtu haitoki mdomoni peke yake. Inatoka kifuani, mgongoni, shingoni, na ubao wazi ndio unaolikaribia hilo.

Nilijua pia ubaya wake. Ile hewa iliyofungiwa nyuma ya utando ndiyo mto wake; utando ukitaka kuruka mbali, hewa inaurudisha. Ukiutoa nje hauna wa kuurudisha. Kwa sauti nyembamba si kitu. Kwa besi, utando unakwenda mbele na nyuma kwa nguvu zake zote, na nyama ni nyama. Itachoka, itakauka, itachanika. Hifadhi hawaoteshi mara ya pili.

Nikampigia Bupe, mdogo wangu, aliyekuwa Mwanza na mimba kubwa. Sura yake ikatokea kwenye ukuta wa jikoni, amelala ubavu, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Nikamweleza.

"Dada, usiguse hilo kasha."

"Mama hamsikii, Bupe. Anasema ni mtu kwenye debe."

"Na mwanangu? Nani atamwita?"

Katika nyumba yetu babu ndiye anayemwita mjukuu jina kwa mara ya kwanza, kwa sauti, watu wote wamenyamaza. Kabla ya hapo hakuna anayelitamka. Na jina halichaguliwi mtoto akiwa tumboni. Linasubiri sura yake. Kwa hiyo nisingeweza hata kufanya ujanja wa kulirekodi mapema na kumwekea. Jina lenyewe lilikuwa bado halipo duniani.

"Mama amekuwa naye miaka yote hiyo," Bupe akasema. "Mwanangu hajampata hata siku moja. Namwombea neno moja tu, Dada. Liwe na besi, lisiwe na besi, yeye atajuaje? Nisubirini nijifungue."

"Ukijifungua mama atakuwa hasikii kitu tena."

Akapapasa tumbo. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma kuliko angenitukana: "Haya. Mtunza koo ni wewe. Chagua."

Ukuta ukarudi kuwa ukuta.

Nilimweleza mama yote, nikizungumza karibu na sikio lake, kwa sauti nzito niliyoitoa tumboni. Alikuwa anamenya ndizi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha kisu.

"Unataka niseme nimwachie mjukuu," akasema. "Bibi mzuri angesema hivyo. Mjukuu atazaliwa na sauti zote za dunia, Subi. Mimi imebaki moja."

Sikumwona mchoyo. Nilimwona mtu mwenye njaa. Na Bupe naye sikumwona mkorofi, na hapo ndipo palikuwa na taabu, kwa sababu ningepata mmoja wa kumlaumu ningelala usingizi. Nikaanza kujidanganya kwamba ipo njia ya katikati. Ubao mpana sana, ili utando usihangaike. Siku ya mvua, ili usikauke. Ubeti mmoja tu wa wimbo mmoja, kisha baba anarudi kwenye kasha lake na kumsubiri mtoto.

3

Kwenye kazi hii upana ndio kila kitu. Utando ukisukuma hewa mbele, nyuma unavuta. Sauti nyembamba hazijali, zinakwenda zao moja kwa moja. Lakini mawimbi ya besi ni marefu kuliko sebule. Yanazunguka ukingo wa ubao, ya mbele yanakutana na ya nyuma, hili linasukuma, lile linavuta, yanafutana. Ubao ukiwa mdogo inabidi uulazimishe utando upige kwa nguvu mara mbili, mara tatu, ili kibaki kitu cha kusikika. Kila kiganja cha mbao ambacho ningekiongeza kingekuwa ni uhai wa baba umeongezwa.

Plaiwudi za siku hizi zinatengenezwa kwa maganda ya migomba na gundi. Ukizigonga zinapiga kelele zenyewe. Ubao wa spika unatakiwa kukaa kimya na kuiacha sauti ipite. Nikaenda na mama kwa Asajile, seremala jirani yetu, nikamwambia nataka mninga, nikatanua mikono kumwonyesha.

"Mninga mpana hivyo?" Asajile akacheka mpaka akaweka randa chini. "Dada Subi, mninga wa hivyo siku hizi uko makumbusho. Labda ukaibe mlango wa kanisa, na mchungaji naye ana mbwa."

Mama alikuwa ameitazama mikono yangu. Hakuhitaji kusikia.

"Chukueni meza," akasema.

Meza yetu ya kulia chakula ilikuwa ya mninga mtupu, nzito, wanaume wanne waliiingiza ndani siku ya kuhamia na haikutoka tena. Nikamwambia mama kwamba itatobolewa, na kwamba tukishaitoboa haitarudi kuwa meza.

"Tunakula wangapi pale siku hizi? Mimi nakula jikoni."

Tulifanyia kazi pale pale sebuleni. Tundu haliwekwi katikati ya ubao, kwa sababu kingo zote zikiwa mbali sawasawa besi inafutwa yote kwenye noti moja. Ukilisogeza pembeni, kila ukingo unafuta kidogo mahali pake na hasara haisikiki sana. Nikapima, nikapima tena, nikachora duara kwa penseli. Mama akaja akalitazama. Akaweka kiganja chake juu ya duara, likamwenea.

"Hapa ndipo sahani yake ilipokuwa inakaa."

Asajile akazima msumeno. "Nisogeze, mama?" Aliuliza kwa mikono.

"Usisogeze."

Akakata. Vumbi la mninga likajaa sebuleni, lile vumbi jekundu lenye harufu ya viungo, mama akapiga chafya na kukataa kutoka. Tulikata miguu, tukaisimamisha meza kwa ubavu wake mrefu, miguu miwili tukaigeuza kuwa ya kuikamata isianguke. Kwa nyuma nilimwambia Asajile auchonge ukingo wa tundu uwe mteremko, ili sauti ya upande ule isibanwe na unene wa mbao.

"Huko nyuma anakaa nani?" akauliza. Alikuwa amepiga magoti, patasi mkononi, jasho linamdondoka.

"Hakuna. Ndiyo kanuni."

"Kanuni," akasema, akaendelea kuchonga.

4

Mvua za Tukuyu si zile walizokuwa nazo wazazi wetu. Zinakuja zinapojisikia. Ilipokuja ya maana, ya kutwa nzima, na vioo vya madirisha vikaanza kutoa jasho, nikajua ndiyo siku.

Nilifungua kasha mezani pa jikoni, Asajile akinishikia tochi. Utando ulikuwa na rangi ya maziwa, na ndani yake mishipa miwili myembamba imepita. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi ila si hili, kwamba nitaukuta unapanda na kushuka polepole. Niliudondoshea maji ya chumvi. Niliibeba pete kwa mikono miwili hadi sebuleni, nikaifunga kwenye tundu kwa skrubu, moja baada ya nyingine, nikiongea nayo. "Taratibu, baba. Tunafika."

Mama nilimweka mbele ya ubao, kwenye kiti kizuri, mahali hasa ambapo vipimo vyangu vilionyesha. Wimbo ulikuwa ule wa mavuno, uliotungwa na mwalimu wao wa kwaya. Solfa ya besi niliijua kwa kichwa, maana baba aliiimba akinyoa, akichota maji, akitafuta viatu. Nikaiandika kwenye mashine. Nikabonyeza.

Besi ya baba ikatoka. Ilitoka kwenye ubao, kwenye vioo vya madirisha, kwenye sakafu chini ya nyayo zangu. Asajile akavua kofia.

Mama alikaa ameweka mikono mapajani, ananitazama mimi.

"Unamsikia?"

"Nasikia mtu. Anaimba vizuri," akasema. "Ni nani?"

Nikaongeza besi, nikarudia. Nikasogeza kiti karibu, nikarudia. Nikageuza ubao kidogo, nikarudia. Kila mara niliudondoshea utando maji, na kila mara ulichelewa kuyanywa. Ule ubeti mmoja niliojiahidi ulikuwa umekwisha kuwa mingi, na sikutaka kuihesabu.

"Si yeye," mama akasema. "Mnanihangaisha tu. Meza yangu mmeiharibu, na mtu mwenyewe si yeye."

Akasimama aende jikoni. Ubao ulikuwa umeziba sebule, njia pekee ilikuwa kuuzunguka na kupita nyuma yake, kati ya ubao na ukuta. Wimbo ulikuwa bado unaendelea kwa sababu nilikuwa namtazama yeye na nimesahau mashine. Akapita mbele ya ukingo, akaingia nyuma. Hatua zake zikakoma.

Nikamfuata. Alikuwa amesimama amelipa tundu kisogo, uso ukutani. Mkono wake ulikuwa unapanda polepole kwenda shingoni, chini ya nywele, na ulipofika ukatulia hapo.

"Amesimama hapa," akasema.

5

Kwaya yao ilipangwa namna moja tangu kabla sijazaliwa: wanawake mbele, wanaume nyuma, na nyuma ya alto wa kwanza, ambaye alikuwa mama, alisimama besi wa kwanza. Mama hakumsikia baba akiimba kwa mbele hata Jumapili moja. Alimsikia kwa kisogo. Nami nimekulia humo humo, nimekaa kwenye benchi na soksi zangu nyeupe nikiwatazama wazazi wangu wakiimba, mmoja mbele ya mwenzake, na ulipofika wakati wa kupima nilipima kutoka kwenye benchi lile. Nilimweka mama mahali pangu mimi.

"Sisi hatukuwa tunamwangalia mwalimu," mama akasema bila kugeuka. "Mwalimu alipunga mikono tu ajifurahishe. Tulikuwa tunasubiri pumzi ya baba yenu shingoni. Akivuta, na sisi tunavuta." Akarekebisha kitenge kiunoni, kama walivyofanya wote kabla ya kuimba. "Anza mwanzo, Subi."

Nikainama kuutazama utando. Pembeni, karibu na pete, palikuwa pameanza kukauka, na kwenye ukavu ule umejichora mstari mweupe mwembamba wa uzi.

"Dada," Asajile akanong'ona. "Huo uzi."

"Nimeuona."

Ningeutoa wakati ule, nikauloweka, nikaurudisha kwenye joto lake, ungepona. Usingeimba tena, lakini jina la mtoto ungelitaja. Hilo nililijua bila shaka yoyote. Nikamwona Bupe amelala ubavu anapapasa tumbo. Na hapa mbele yangu alikuwepo mama, amenipa kisogo, mabega yameinuka kidogo, anasubiri pumzi.

Nikabonyeza.

Baba akavuta pumzi. Mama akavuta. Wakaingia pamoja.

Sauti ya mama ilikuwa imepungua, na zile noti za juu ambazo hazisikii tena aliziimba kwa kumbukumbu tu, na alizikosea. Lakini kila besi ilipoingia alirudi mahali pake. Alikuwa amefumba macho. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea nyuma kidogo, kuelekea kwenye tundu, na vinyweleo vya shingo yake nilivyoviona vikicheza kwa ile hewa sitavisahau. Nilijua nyumba yetu ilikuwa na mapenzi ndani yake, watoto wanajua. Sikuwa nimewahi kuyaona yamesimama namna ile.

Ubeti wa pili utando ukaanza kutoa mlio wa pembeni, kama karatasi inayotetemeshwa na upepo. Kidole changu kilikuwa kwenye swichi. Kilikuwa kwenye swichi ubeti wote wa pili na mwanzo wa tatu. Asije mtu akasema nilichelewa. Nafasi nilikuwa nayo.

Kwenye ubeti wa tatu kuna mahali sauti zote zinanyamaza na besi inashuka peke yake, noti baada ya noti, mpaka chini kabisa, halafu alto wanaipokea. Baba akaanza kushuka. Alishuka vizuri. Karibu na mwisho utando ukachanika, kwa sauti ndogo tu ya kitambaa, na besi ikakatika.

Ndani ya sebule ikabaki mvua.

Mama hakugeuka. Alikuwa ananyamaza pale wanaponyamaza alto, kichwa kinahesabu taratibu, noti moja, noti nyingine, mpaka zile ambazo baba hakuzifikia zikaisha zote. Kisha akavuta pumzi na kuingia mahali pake hasa, na akaimba peke yake mpaka mwisho wa wimbo.

Nikakaa nikitafuta namna ya kumwambia. Akageuka mwenyewe, akanitazama usoni, akalitazama tundu.

"Alikuwa hafiki mwisho wa ile pumzi," akasema. "Hata mzima alikuwa hafiki. Anaishia pale pale, sisi tunamjazia."

Nililia mpaka Asajile akatoka kwenda kusimama nje kwenye mvua.

6

Nilimwambia Bupe siku ile ile. Hakupiga kelele. Alisema "Haya, Dada," na ukuta wa jikoni ukawa mtupu. Tangu hapo nikipiga alikuwa anapokea mumewe, shemeji yangu mtu wa heshima, ananiambia mgonjwa amelala. Pete na kile kilichobaki juu yake tulivifukia miguuni pa kaburi la baba. Kasha nililirudisha Hifadhi na basi lile lile.

Mahindi yalikuwa yanaota ndevu pale lori lilipopita mlangoni na vikombe vikatikisika kabatini, mama asiinue kichwa. Nikaita kwa sauti yangu nzito ya tumboni. Aliendelea kuchambua mboga.

Bupe alijifungua mtoto wa kike. Alipopata nguvu ya kusafiri akaja naye, bado hana jina, wanamwita Mtoto. Alinisalimia kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa, na baada ya salamu hakuwa na neno jingine kwangu. Alipoingia sebuleni akaikuta meza bado imesimama kwa ubavu katikati ya chumba, tundu lipo wazi, maana mama alikuwa amekataa isiguswe. Akakigeuza kiti chake asiitazame.

Mama akampokea mtoto. Akamfunua, akamtazama uso mzima, masikio, paji la uso, kidevu, kwa muda mrefu. Kisha akamkunjulia Bupe kiganja.

Bupe akaelewa. Akasita. Halafu akaandika jina kwa kidole kwenye kiganja cha mama, herufi moja moja, na mama akalifuata kwa midomo bila kulitoa. Akatikisa kichwa kukubali. Akamrudishia mtoto, akakishika kiti cha Bupe na yeye Bupe juu yake, akakiburuta kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, mpaka kikalikabili tundu.

Akauzunguka ubao. Tuliona pindo la kitenge chake chini, na vidole vya mkono mmoja vimeshika ukingo wa tundu, pale Asajile alipochonga.

"Tupokigwe."

Haikuwa sauti ya baba. Ilikuwa ya mwanamke mzee asiyeisikia sauti yake mwenyewe, ameitafuta chini kabisa kifuani mwake mahali baba alipokuwa anaitoa, akaikosa, ikapasuka katikati. Ilitoka kwenye tundu na kuingia chumbani, na lile jina likawa limeitwa. Mtoto aliacha kunyonya. Bupe alikuwa ameuma mdomo, machozi yanamwangukia mtoto kwenye nywele.

"Amesikia?" mama akauliza kutoka nyuma.

Hakutuona wala asingetusikia. Akauliza tena, sasa kwa wasiwasi, na vidole vikakaza kwenye mninga.

Bupe akasimama. Akamweka mtoto begani, akaisogelea ile meza ambayo hakutaka hata kuitazama, akaipiga kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, karibu na vile vidole.

Nyuma ya ubao mama akavuta pumzi, akaita tena.